Besi Kutoka Darini

Kanisani kwetu huku juu Mhezi vijana wa kwaya hunicheka. Bibi mzima, wanasema, anaimba sauti ya nne, yaani besi, pamoja na wanaume, tena bila aibu. Mwalimu wa kwaya tuliye naye sasa aliwahi kujaribu kunihamishia kwenye sauti ya pili, kwa wanawake wenzangu. Nilimtazama tu, akarudi mahali pake. Simlaumu, hakuwa amezaliwa. Hajui kwamba kuna Jumapili moja kijiji kizima kiliimba besi, wanaume kwa wanawake, na mimi nilikuwa kitandani ndani ya nyumba, mtoto kifuani, nikaimba nao. Tangu siku hiyo sijaona sababu ya kupanda juu tena.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Mwingereza na Mjerumani. Mume wangu alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, akaniacha na mimba ya miezi minne. Barua zake zilifika zimepakwa wino mweusi kila alipotaja mahali, kwa hiyo tulijua kwamba anatupenda ila hatukujua anatupendea wapi. Nikajifungua kwa mama mkwe wangu mtoto wa kiume mwenye sauti ya kuamsha bonde zima.

Kwetu Upare, mzazi huwekwa ndani miezi mitatu. Halimi, hachoti maji, hapiki. Kazi yake ni kula na kunyonyesha, na siku ya kutolewa nje anatakiwa awe amenenepa kiasi cha kuwafurahisha watu wanaomtazama. Chumbani kwake huingia wanawake peke yao. Mwanamume hakanyagi, hata baba wa mtoto husalimia akiwa uani. Nilikuwa nimeusubiri kwa hamu wakati huo wa kulala na kulishwa uji wa siagi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilikuwa mvivu, naweza kulisema hilo sasa.

Mama mkwe alikuwa mwembamba, mrefu, mzee wa kanisa, na hakuwa mtu wa kusema uongo. Msidhani nasema hivyo kwa kumsifu, maana ilikuwa taabu. Nilipomwonyesha mwanangu nikamuuliza kama si mzuri, alimtazama kwanza, akafikiri, akasema masikio ni makubwa lakini mtoto atakua na kuyafikia. Watu wote wa mlimani walimjua hivyo. Ukitaka kusikia jambo lilivyo, ulimuuliza yeye. Usipotaka kusikia, ulipita njia nyingine.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa seremala. Ndiye aliyekuwa besi ya kwaya yetu. Ukikaa benchi moja naye uliisikia sauti yake kwenye mbao kabla haijafika masikioni. Mmisionari wa Kijerumani aliyetufundisha kuimba kwa sauti nne alikuwa amekamatwa na kupelekwa mbali vita vilipoanza, lakini nyimbo zilibaki, na tuliziimba kama kawaida. Wimbo mmoja wa shukrani tuliupenda kuliko zote. Kwenye ubeti wa tatu sauti nyingine zote hunyamaza, na besi huimba mstari mmoja peke yake, kisha wote wanaingia tena. Mstari huo ulikuwa mali ya seremala.

Kisha ikaja habari ya mkonge. Serikali ilihitaji katani kwa ajili ya vita, na mashamba ya huko upande wa Tanga yalihitaji watu wa kuukata. Amri ilipanda kutoka Same hadi kwa mfumwa wetu, yaani chifu, kwamba atoe wanaume. Hakuna aliyejitokeza. Basi asubuhi moja likapigwa baragumu la msaragambo. Baragumu hilo likilia, kila mwanamume mwenye nguvu hutoka na jembe kwenda kazi ya wote, na siku hiyo ilitangazwa kwamba wanakwenda kuzoa tope kwenye bwawa la mifereji. Hakuna anayekataa msaragambo, maana maji ni ya kila mtu. Walipokuwa ndani ya tope hadi magotini, matarishi wa mfumwa wakajitokeza pande zote na kamba mikononi. Wanaume kumi na wawili waliteremshwa Same siku hiyo na kupakiwa kwenye treni, tope la bwawa letu likiwakaukia miguuni. Seremala alikuwa mmoja wao.

Aliyepuliza baragumu alikuwa tarishi mmoja ambaye pia alikuwa sauti yetu ya tatu. Alipuliza kwa amri, lakini alipuliza. Jumapili iliyofuata alisimama mahali pake kwenye kwaya, na hakuna aliyesimama karibu naye. Ulipofika ubeti wa tatu wa ule wimbo, wote wakanyamaza kama desturi, besi haikuja, wakahesabu kimoyomoyo, wakaendelea. Ikawa hivyo kila Jumapili. Mchungaji alipendekeza tuuache wimbo huo kwa muda. Mke wa seremala akasimama akasema hapana, uimbwe, na pengo liachwe wazi mpaka mwenyewe arudi.

Mwenyewe alirudi baada ya miezi mitano, asubuhi yenye ukungu mzito, mimi nikiwa nimejifungua siku chache tu. Mama mkwe alikwenda mgombani kumkatia ng'ombe majani akamkuta ameketi nyuma ya shina la mgomba, anatetemeka. Alikuwa ameugua homa huko mkongeni, akashindwa kumaliza kazi ya siku, akachapwa viboko. Akashindwa tena, akachapwa tena. Mara ya tatu aliona akikaa atakufa, akatoroka na mwenzake. Walitembea chini ya milima siku nyingi, wakiikwepa barabara. Mwenzake alikamatwa akarudishwa, na baadaye tulipata habari kwamba amezikwa huko huko. Na amri ilikuwa imeshasomwa barazani. Mtoro akikamatwa anarudishwa mkongeni, na aliyemficha anakwenda jela.

Nyumbani kwake ndiko ambako wangemtafuta kwanza. Basi mama mkwe alimshika mkono akamleta chumbani kwangu.

"Mama," nikasema, "huyu ni mwanamume."

"Naona."

"Mimi ni mzazi. Tena mume wangu yuko vitani. Watu watasema nini?"

"Watasema wakijua. Na wakijua, mwanangu, tutakuwa na shida kubwa kuliko hiyo."

Nikasema hapana. Naliandika hili kwa sababu siku hizi wanaotuhadithia habari zile wanatufanya sote malaika. Nilikataa. Niliogopa jela, niliogopa midomo ya watu, na kwa kweli niliwazia pia uji wangu. Mama mkwe hakubishana nami. Alimgeuza seremala taratibu aelekee ukutani, akaniacha nimtazame. Shati lilikuwa limegandamana na mgongo. Mgongo ule niliujua, maana tangu nilipoletwa bibi harusi nilikuwa nimekaa nyuma yake kanisani kila Jumapili. Nikaanza kulia, nikasema apande.

Juu ya kitanda changu kulikuwa na dari la miti, tulipokaushia mahindi na kuni kwa moshi wa jikoni. Alipanda ngazi akajilaza nyuma ya mahindi. Mama mkwe akanikumbusha habari ya yule mwanamke wa katika Maandiko aliyewaficha wageni juu ya dari lake.

"Lakini mama, yule walipomuuliza alisema uongo."

"Ndiyo maana sisi tutajitahidi kufanya vizuri zaidi yake," akajibu, akaenda kumpa ng'ombe majani.

Mpango wake ulikuwa huo tu: asiulizwe. Na nani angekuja kuuliza kama kuna mwanamume katika chumba cha mzazi?

Sasa niseme ukweli, zile wiki zilikuwa za kuchekesha. Mke wa seremala alikuja kila siku na sufuria la makande, kama jirani mwema anayemsaidia mzazi, na hakuna aliyeshangaa. Akishaingia aliegemea ngazi akaanza kumgombeza mumewe kwa kunong'ona, kwamba amekonda, kwamba hajachana nywele, kwamba mbuzi wameingia kwenye maharage na yeye amelala tu huko juu. Walikuwa na furaha kupita kiasi. Chakula changu kiligawanywa nusu kwa nusu, na kwa kuwa yeye alikuwa mgonjwa, nusu yake ilikuwa kubwa. Mwezi ulipokwisha, aliyenenepa hakuwa mimi. Wanawake waliokuja kunitazama waliniminya mkono, wakatikisa vichwa, wakamuuliza mama mkwe kama kweli nakula.

"Sufuria hurudi tupu," alisema mama mkwe. Hapo hakukuwa na uongo.

Seremala hakuweza kukaa mikono mitupu. Alichonga miko kwa kuni zetu, na vumbi la mti likaniangukia usoni kutwa nzima. Mwiko mzuri ulipoonekana jikoni, mgeni akauliza umetoka wapi, mama mkwe alisema umetoka darini, na mgeni akaridhika. Seremala alifunga pia kamba kwenye kikapu cha mtoto akawa anambembeza kutoka juu. Kicheko cha kwanza cha mwanangu kilielekea darini, na wageni wakasema mtoto anaona malaika. Mama mkwe siku hiyo alitoka nje haraka. Na kila nilipotaka kunyonyesha au kuoga, niligonga mguu wa kitanda mara mbili, naye aligeukia paa akaanza kukariri Amri Kumi kwa sauti ya chini, nipate kujua kwamba hatazami. Alikuwa akifika "usizini" anaharakisha.

Wiki ya sita watu wa kanisa walikuja kuniombea, kama wanavyowaombea wazazi wote. Walijaa uani Jumapili mchana, kwaya nayo ikaja. Tarishi alikuwepo, amevaa kofia yake ya kazi, amesimama pembeni peke yake. Mimi nilikuwa kitandani, nikiwachungulia kwenye upenyo wa ukuta. Nilikuwa nimemwonya seremala asikohoe, asipige chafya, asibembeze kikapu. Sikuwaza kumwonya asiimbe. Nani angedhani?

Wakaanza ule wimbo wa shukrani. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wote wakanyamaza pale pa kunyamaza. Na kutoka juu ya kitanda changu ikashuka besi, nzito, imetulia, mstari mzima mpaka neno la mwisho.

Hakuna sauti iliyoingia baada yake. Uani nikasikia kuku wakiparua. Mtoto akaamka. Darini mahindi hayakutikisika tena, na nilijua hata kupumua ameacha.

Tarishi akasogea mbele. "Shikamoo, mama," akamwambia mama mkwe.

"Marahaba."

"Aliyeimba ni nani?"

Hapo nilifumba macho. Nilimwomba Mungu, naye anisamehe, amfundishe mama mkwe wangu kusema uongo sasa hivi, mara moja tu.

"Ni yeye," mama mkwe akasema. "Yuko darini, juu ya kitanda cha mkwe wangu. Nimemweka mimi, wala si mwingine. Mlango ule pale. Ukiingia utakuwa mwanamume wa pili kuuvunja mwiko huu, na wa kwanza kuuvunja kwa ubaya."

Nilipofumbua macho tarishi alikuwa amevua kofia, ameishika tumboni kwa mikono miwili. "Lile baragumu nililipuliza mimi," akasema. Wote tulijua. "Kesho nimetumwa kukagua nyumba za upande huu. Nyumba ya mzazi sitaingia. Wakiniuliza nitasema hivyo hivyo, kwamba nyumba ya mzazi sikuingia." Kisha akatazama chini. "Kuna ubeti wa nne bado."

Mke wa seremala ndiye aliyesogea akasimama karibu naye. Wakaimba ubeti wa nne.

Walipoondoka, mama mkwe alipanda ngazi mpaka kichwa kikaingia darini. "Wiki sita umekula siagi ya mzazi, ukashindwa kumeza mstari mmoja?"

"Nisamehe, mama. Lilikuwa pengo."

"Najua lilikuwa pengo. Hata mimi linanichoma kila Jumapili. Lakini mimi nanyamaza."

"Mama, nilikuwa nimefungua kinywa kabla sijakumbuka kwamba nimejificha."

Mama mkwe alishuka. Nikamwona anacheka, amejiziba mdomo kwa upindo wa kaniki.

Lakini watu zaidi ya arobaini walikuwa wamesikia. Hakuna aliyekwenda kusema kwa mfumwa, ninaamini hivyo, ila habari kama hiyo haikai ndani ya watu arobaini. Mmoja humwambia shangazi yake, basi. Jumapili iliyofuata mfumwa alikuja mwenyewe baada ya ibada, akiwa na askari wawili waliopandishwa kutoka bomani, watu wa mbali wasiojua miko yetu na ambao wangeingia chumba chochote walichoamriwa. Watu walikuwa wamemfuata kutoka kanisani. Uani pakajaa tena.

Mfumwa alikuwa mnene, mpenda pombe ya miwa, na zamani mama mkwe ndiye aliyemfundisha kusoma katika darasa la ubatizo. Alimwamkia kwa heshima. Nilingoja amuulize. Angemuuliza tu, jambo lingekwisha, kwa sababu yeye kuliko wote alijua kwamba angejibiwa kweli. Hakumuuliza. Akaketi kwenye kigoda.

"Nasikia hapa mna wimbo mzuri," akasema. "Mwimbe. Beti zote." Akawageukia wale askari. "Katika ubeti wa tatu kuna sehemu ya besi. Yule mtoro ndiye mwenye besi hiyo, naijua. Mkiisikia kutoka ndani, ingieni."

Nikanong'ona kuelekea juu, "Shemeji, tafadhali. Meza." Nikasikia anajaza nguo mdomoni.

Wakaanza. Sijawahi kusikia wimbo wa shukrani ukiimbwa kwa hofu namna ile. Wanawake walikuwa wakitetemesha sauti, wazee wakitazama viatu vyao. Mke wa seremala alikuwa amefumba macho. Ubeti wa pili ukaisha. Wa tatu ukaanza, ukafika pale pa kunyamaza.

Hawakunyamaza. Sijui walipatana lini, na kila niliyemuuliza baadaye aliapa kwamba hawakupatana. Tarishi ndiye aliyeanza, yeye mwenye sauti nyembamba kuliko wanaume wote wa mlimani, akaitumbukiza chini mpaka ikakwaruza. Kisha wanaume wote. Kisha mama mkwe, kidevu kimegusa kifua. Kisha wanawake wengine, wasichana, vikongwe, mchungaji na mkewe, kila mmoja akiisaka besi mahali asipowahi kufika. Ilikuwa mbaya, jamani. Ilikuwa kama ng'ombe wanaoteremshwa mnadani. Nami nikamkumbatia mwanangu nikaimba nao kwa nguvu zangu zote.

Mfumwa alisikiliza mpaka ubeti wa nne ukaisha. Akawatazama askari wake. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Hapa kila mtu ana besi. Nimkamate nani?" Akaomba kibuyu cha uji, akanywa, akasema siagi ya nyumba hii ni nzuri, akaondoka nao. Kwa nini hakumuuliza mama mkwe, mpaka leo sijui, na alikufa kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza yeye.

Nilipotolewa nje, seremala alihamia kwa mzazi mwingine, kisha mwingine, na wanawake wa mlimani hawakumwangusha, walizaa kama kwa zamu. Vita vilipoisha alikuwa amekula siagi ya wazazi watano. Mume wangu alirudi salama, akasimuliwa yote, akamtoza seremala mbuzi kwa kuvunja mwiko, tukamla mbuzi huyo pamoja, na tarishi akapewa mbavu. Nyumba yenyewe siku hizi ina bati.

Lakini kuna jambo la ile Jumapili ambalo waliokuwa uani hawakuliona, na ndilo linalonifanya niimbe ninavyoimba. Wakati kijiji kikinguruma ule mstari wake, nilihisi tone paji la usoni. Halafu jingine, likamwangukia mtoto shavuni. Nikafikiri paa linavuja, ila nje jua lilikuwa linawaka. Nikatazama juu. Kati ya miti ya dari niliona uso wa seremala, nguo imejazwa mdomoni, macho yamenitazama, na machozi yakidondoka moja moja. Alikuwa anausikia mstari wake ukiimbwa na watu wote, na yeye peke yake ndiye aliyenyamaza.

Nikampangusa mtoto shavu, nikaendelea na besi.